Wanaimba Nini Makunduchi?

Kila Julai ikipita, insha ileile hutua kwenye kurasa zetu. Mwandishi ana umri wangu au pungufu kidogo. Amepanda boti ya asubuhi Dar es Salaam, ameshuka Malindi, amepata usafiri hadi Makunduchi, kusini kabisa mwa Unguja, kutazama Mwaka Kogwa. Aya ya kwanza ni bahari. Ya pili ni vijana wanaochapana kwa mabua ya migomba huku vumbi likitimka. Ya tatu kibanda cha makuti kinateketea. Ya nne wanawake wanaimba na kucheza, wamependeza kwa kanga zao. Ya tano mwandishi amerudi mjini, anakula pweza Forodhani na kuwaza juu ya utajiri wa utamaduni wetu. Picha zipo, na mara nyingi zimetulia kuliko maneno.

Insha hizi nazisoma kwanza kwa sababu ya kazi: tasnifu yangu ya umahiri inahusu insha ya safari katika Kiswahili cha sasa. Lakini nazisoma pia kwa sababu nazipenda. Kijana wa Morogoro au Mbeya anayekusanya nauli yake mwenyewe, akasafiri ndani ya nchi yake na kuandika kwa lugha yake, anafanya jambo ambalo vitabu vyangu vya sekondari havikunionyesha kwamba linawezekana. Kwa hiyo ninayoyasema hapa nayasema nikiwa ndani ya nyumba, sijasimama barazani kwa jirani.

Tatizo langu ni aya ya nne. Wanawake wanaimba. Sawa, wanaimba nini?

Sijakutana na insha hata moja inayojibu. Nyingine zinasema ni nyimbo "za furaha", nyingine "za asili". Moja ilisema ni nyimbo za kuukaribisha mwaka mpya, jambo ambalo mtu angeweza kulikisia bila kutoka Kariakoo. Mwandishi aliyetumia sentensi sita kueleza rangi ya maji ya Makunduchi hana hata sentensi moja ya kutuambia maneno yaliyokuwa yakipita masikioni mwake kwa saa nzima, na maneno hayo yote ni ya Kiswahili. Au ndivyo alivyodhani.

Kwa ambaye hajafika, nieleze kidogo. Mwaka Kogwa ni mwaka mpya wa jua, na siku yake ya kwanza huitwa Nairuzi, jina lililofika pwani pamoja na athari za Kiajemi. Hesabu yake ni siku 365: miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha siku tano za kumalizia. Haina siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne, hivyo inateleza taratibu na kuachana na kalenda ya ukutani. Mabaharia waliitumia kujua pepo na wakulima kujua mvua. Siku ya Mwaka iliwahi kuadhimishwa sehemu nyingi za pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hadi Pemba, na Makunduchi ndipo iliposhika mizizi kuliko kwingine. Jina lenyewe linatokana na kuoga. Mwaka unaogwa, uchafu wa mwaka uliokwisha unaondoka na maji.

Kisha yapo yale ya uwanjani. Wanaume wa pande mbili za mji wanakabiliana kwa mabua ya migomba, na ugomvi uliolala mwaka mzima unatolewa nje ili usiingie mwaka mpya. Kibanda kinajengwa, mtu anaingia ndani, kinawashwa moto, naye anachomoka. Wazee wanatazama moshi unaelekea wapi. Baada ya hapo ni kula, ngoma, na siku kadhaa za kutembeleana. Kuna desturi nyingine ambayo insha zetu huitaja mbiombio kama kivutio cha ziada: siku hiyo kila nyumba inatakiwa iwe na mgeni, na nyumba isiyo na mgeni huhesabiwa kuwa imepungukiwa. Desturi hiyo naiweka akiba. Nitaihitaji.

Mwandishi aliyenisaidia kuielewa kero yangu hakuwahi kuandika juu ya Makunduchi. Ni Derek Walcott, mtu wa kisiwa cha Saint Lucia, katika hotuba yake ya Nobel ya mwaka 1992. Hotuba inaanzia katika kijiji cha Felicity, pembeni mwa uwanda wa Caroni nchini Trinidad, ambako wakazi wengi ni vizazi vya vibarua walioletwa kutoka India kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Walcott alikwenda alasiri moja na marafiki Wamarekani kutazama Ramleela, igizo la hadithi ya Ramayana linalochezwa uwanjani, ambapo sanamu kubwa ya mianzi huchomwa moto mwishoni. Alikuwa mtu wa tamthilia. Mwaka 1959 alianzisha kundi la maigizo huko Trinidad na kuliongoza kwa miaka mingi. Kwa hiyo jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye jukwaa: mavazi, waigizaji, mpangilio wa uwanja.

Halafu, mbele ya hadhira ya Stockholm, anaanza kujikosoa. Wale aliowaita waigizaji hawakuwa wakiigiza. Walikuwa wakiamini. Na alipokuwa akijiandaa kuhuzunika, kwa kuwa mtu msomi akiona desturi ya Asia kwenye kisiwa cha Karibi huhisi ni wajibu wake kusikia mwangwi wa kitu kilichopotea, watoto waliokuwa mbele yake walikuwa wamejaa furaha na hapakuwa na chochote kilichopotea. Huzuni ilikuwa ya mtazamaji. Alikuja nayo kutoka vitabuni.

Sanamu ya mianzi pale, kibanda cha makuti hapa. Nimesoma insha zetu nikiwa na hotuba hiyo mkononi, na naona wengi wetu bado tumesimama pale Walcott alipokuwa dakika kumi za mwanzo, kabla hajajikosoa. Tunaandika "vita vya kuigiza" na "onyesho la kuvutia". Tunaandika kwamba mtu aliyeingia kibandani "anaigiza" kukimbia moto. Jamani, moto ule ni moto.

Hata hivyo, pamoja na heshima zote, Walcott hanitoshi. Katika kurasa za Felicity tunasikia mawazo ya mgeni mwenye akili nyingi akijisahihisha, na anajisahihisha vizuri kuliko yeyote ninayemjua, lakini hatusikii mwanakijiji akisema lake. Marekebisho yote yanafanyika ndani ya kichwa cha mgeni. Ametoka kwenye kutazama vibaya akaingia kwenye kutazama vizuri. Masikio bado.

Mimi nilikwenda Julai moja nikiwa mgeni wa mama wa mwanafunzi mwenzangu. Naweza kuipita haraka aya yangu ya kwanza: bahari ilikuwepo. Aya ya pili nayo, isipokuwa jambo moja ambalo huenda linamgusa Mpare peke yake. Kwetu milimani juu ya Same, bua la mgomba ni chakula cha ng'ombe. Unalikatakata, unalipeleka bandani, maziwa ya asubuhi yanategemea hilo. Kuona shehena nzima ya mabua ikimalizikia migongoni mwa watu waliovaa makoti mazito katika joto lile, na mmoja kofia ngumu ya pikipiki, kulinifanya nimuwaze mama yangu akiuliza ni nani atakayeleta majani ya jioni.

Wanawake walikuwa wakizunguka. Picha zetu hazilioneshi hilo kwa sababu picha inahitaji watu wasimame. Wanapita kwa mafungu pembezoni mwa uwanja, wanasimama mahali fulani, wimbo unapanda, unarudiwa, kicheko kinalipuka, wanaondoka, wanasimama tena hatua ishirini mbele. Nilidhani wanasimama popote. Baada ya mara ya nne nikaona kwamba mbele yao, kila waliposimama, palikuwa na mtu au kundi la watu ambao ghafla walikuwa na shughuli ya kuangalia simu zao.

Nilikuwa nadaka neno moja katika matatu. Kiswahili nimekijua sambamba na Chasu tangu nikiwa mtoto, nimekisoma mpaka shahada, nakifanyia tasnifu. Neno moja katika matatu.

Lahaja ya Makunduchi inaitwa Kikae, au Kimakunduchi kwa jina lingine. Haji Chum alikusanya msamiati wake, na kazi hiyo ikachapishwa mwaka 1994. Odile Racine-Issa akaandika sarufi yake nzima kwa Kifaransa, ikatoka mwaka 2002, na ndiye pia aliyeandika sura nzuri juu ya Mwaka wa Makunduchi katika kitabu cha kitaaluma cha mwaka 1994. Kwa maneno mengine, vitabu vipo. Kinachoshangaza ni kwamba Kiswahili sanifu, kilichokubaliwa mwaka 1928 kwa kufuata Kiunguja cha mjini, kinazungumzwa mwendo wa saa moja na kitu kwa gari kutoka hapo, na bado mtu aliyelelewa kwa hicho sanifu anafika Makunduchi akawa kama mimi: amezungukwa na lugha yake asiyoielewa.

Na hapa mtu wa bara yuko katika hali mbaya kuliko Mjerumani aliyesimama pembeni yake. Mjerumani anajua haelewi. Amelipa mtu amweleze, na huyo mtu, akiwa mwaminifu, anamweleza. Sisi tunafika kwenye "chimbuko la Kiswahili" tukiamini kwamba mlango tayari uko wazi kwetu, hatuulizi, kisha tunarudi na sentensi kwamba wanawake waliimba nyimbo za asili. Katika insha hizo neno linalonishtua zaidi kuliko "onyesho" ni "wetu". Utamaduni wetu, sherehe yetu, visiwa vyetu. Tangu 1964 sisi ni nchi moja na mimi sina ugomvi na hilo, lakini "wetu" ya kwenye insha huja mapema mno. Inakuja kabla mwandishi hajaelewa hata kiitikio.

Wenzangu wawili watatu wamelitambua tatizo hili na dawa waliyoichagua ni hasira. Wamemsoma Jamaica Kincaid, kitabu chake A Small Place cha mwaka 1988, kinachomwambia mtalii "wewe" tangu anaposhuka uwanja wa ndege wa Antigua mpaka anapoagiza chakula, na kumwonyesha maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la 1974 huku bango la kwamba itakarabatiwa likiendelea kuning'inia miaka na miaka. Ni kitabu kidogo kinachouma. Kimeleta wimbi dogo la insha za "wewe" hapa kwetu, ambamo mtalii mweupe mwenye kaptura anachapwa ukurasa mzima kwa kupiga picha Makunduchi. Huwa zinasomeka vizuri, na mwandishi wake huwa hayumo.

Kincaid hawezi kuhamishiwa Makunduchi bila kubadilishwa vipimo, na sababu ni ile desturi niliyoiweka akiba. Mgeni Makunduchi anahitajika. Nyumba inampungukiwa asipokuwepo. Ukifika siku hiyo unajaza nafasi ambayo imekuwepo kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa pwani ya kusini. Anayesukumwa nje ya mlango katika kitabu cha Kincaid, hapa ameketishwa mkekani na kupewa sahani. Hasira inakosa pa kushika. Kwa hiyo swali la mhakiki linabadilika. Swali la mgeni ana haki gani ya kuwepo limeshajibiwa na wenyeji. Linalobaki ni kama aliyeketishwa mkekani anafanya kazi ya mgeni au amejifanya mtazamaji. Mgeni anauliza habari za nyumbani, anakula anachopewa, anajua jina la mtoto. Mtazamaji anatafuta pembe nzuri ya mwanga.

Yupo na mgeni wa aina ya tatu, naye ana kiti chake chini ya turubai: mgeni rasmi. Kila aliyesoma Tanzania anamjua. Mgeni rasmi ana msafara, ana hotuba, ana spika, na shughuli humsubiri. Waheshimiwa wamekuwa wakialikwa Mwaka Kogwa kwa miaka mingi sasa, na siku hizi katika sherehe kubwa kama hizi hakukosi mabango ya wanaodhamini. Riwaya bora ninayoijua juu ya jambo hili ni ya Earl Lovelace wa Trinidad, The Dragon Can't Dance ya mwaka 1979. Aldrick Prospect, mkazi wa mtaa wa maskini uitwao Calvary Hill, anatumia mwaka akishona vazi la joka, gamba kwa gamba, kwa ajili ya siku mbili tu za Carnival, Jumatatu na Jumanne zinazotangulia Jumatano ya Majivu. Katika mtaa huohuo bendi za ngoma za chuma zinaanza kupata wadhamini. Wadhamini hawapendi ngumi. Fisheye, ambaye heshima yake yote ilijengwa kwa kupigania bendi yake mitaani, anageuka kuwa aibu ya bendi hiyohiyo.

Nampenda Lovelace kwa sababu haombolezi Carnival ya zamani kama kwamba ilikuwa safi. Anajua ilikuwa na damu. Mwaka 1881 watu wenye fimbo na mienge walipambana na polisi mitaani Port of Spain, na miaka michache baadaye serikali ya kikoloni ikapiga marufuku fimbo na ngoma. Mgeni wa leo anayeona manyoya na shanga anaona kilichobaki baada ya ugomvi kuondolewa. Sisi pia tuna kumbukumbu ya namna hiyo, ingawa tunaisahau: beni, na vyama vyake vya Marini na Arinoti, vilivyoshindana pwani nzima kwa tarumbeta, magwaride na mavazi ya kijeshi, na ambavyo Terence Ranger aliviandikia kitabu kizima mwaka 1975. Anayedhani Carnival ni jambo la ng'ambo tu akitafute.

Makunduchi ugomvi bado upo. Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka insha zetu ziione. Bua la mgomba limelainishwa, ndiyo, halivunji mfupa. Lakini nyimbo hazijalainishwa. Jioni ile, vyombo vikiwa vimeshaoshwa, mwenyeji wangu alinieleza wimbo mmoja kati ya niliyoisikia. Nilipomuuliza mara ya kwanza, uwanjani, alicheka mpaka akashika ubavu.

"Hayo yana wenyewe, mwanangu."

Ndani ya nyumba, mlango umerudishwa, akanieleza. Ulikuwa unamhusu mtu hai, mwenye jina, aliyekuwepo pale. Jina halimo ndani ya wimbo na halikuhitajika. Nilielewa basi kwamba uwanjani palikuwa na mapigano mawili kwa wakati mmoja, la wanaume kwa mabua na la wanawake kwa maneno, na kwamba insha zetu zote, pamoja na picha zake, zimeripoti lile jepesi.

Kisha akanikataza kuuandika.

Msomaji atasema: sasa nawe una tofauti gani na hao unaowalaumu? Wao hawakutuambia wanawake wanaimba nini, nawe hutuambii. Ni swali la haki na nimekaa nalo muda mrefu, sehemu kubwa hapa Same, likizo hii, upepo ukipiga bati na lori zikipita barabara kuu kuelekea Moshi.

Huku kwetu kuna mambo yaliyonifundisha kwamba kuona si haki ya kila mwenye macho. Mshitu, jando la Wapare, lilifanyika msituni, na mpaka leo ipo misitu milimani inayoitwa kwa jina hilo. Kilichofanyika humo kilikuwa cha walioingia. Wamisionari, Waluteri na Wasabato, hawakulipenda, shule zikaja, na kwa sehemu kubwa limebaki katika kumbukumbu. Mimi ni mwanamke, wala sikuzaliwa katika kizazi chake, na sina cha kusimulia. Mzee mmoja wa ukoo wetu ambaye alipita huko hunijibu kila kitu ninachomuuliza: historia, bei ya buni enzi za ukoloni, maelfu ya Wapare walioshuka hapa Same mwaka 1945 kuipinga kodi ya mbiru na kukaa miezi. Nikigusa mshitu, anauliza kama ng'ombe wamekunywa maji. Simlaumu. Mtu anayekaa kimya hivyo anajua anachokilinda.

Upande wa pili wa sarafu nao nimeuona hapahapa. Mwenge wa Uhuru ukipita wilayani, vikundi vya ngoma huitwa uwanjani. Ngoma iliyokuwa ikikesha inapewa dakika saba, sare za kitambaa kimoja, na mshereheshaji anayetangaza juu ya sauti ya mwimbaji kiongozi kwamba hii ni ngoma ya asili ya kabila la Wapare. Nimesimama hapo nikiwa mwenyeji. Maneno ya wimbo niliyaelewa, na nilijua kwamba beti zenye ladha zimeachwa nyumbani makusudi. Waliokuja kutazama walipata kile ambacho wenyewe walikuwa radhi kukitoa kwa dakika saba.

Kwa hiyo tofauti ninayoitetea ni nyembamba lakini naitetea. Kuna ukimya wa mtu ambaye hakuuliza na kuna ukimya wa mtu aliyeambiwa na kuombwa anyamaze, na katika maandishi ukimya huo wa aina mbili hausomeki sawa. Wa kwanza unaacha "nyimbo za asili". Wa pili unaacha mahali penye umbo: unajua kwamba wimbo unamlenga mtu, kwamba waimbaji wanachagua pa kusimama, kwamba jina haliwekwi, kwamba kicheko kinaanzia kwa wanawake wazee na kufika kwa vijana kikiwa kimechelewa, kwamba anayelengwa hatakiwi kuondoka wala kujibu, na kwamba jirani zake watamtazama kwa pembeni mpaka jua linatua. Hayo yote nimeyaandika bila kuvunja ahadi. Insha ya kurasa nne ingeweza kukaa juu ya hayo bila kuhitaji bahari.

Msimamizi wangu haafiki. Anasema, na kitaaluma ana hoja, kwamba tasnifu inayodai kusikia nyimbo lazima iwe na maandishi ya nyimbo, pamoja na tafsiri ya Kikae, kwenye kiambatisho, la sivyo wakaguzi watauliza nimejuaje. Rekodi ninayo kwenye simu. Dakika mbili na sekunde kumi na moja, upepo mwingi, na katikati mtoto anauza barafu. Nimependekeza niondoe kila kinachoweza kumtambulisha mhusika, naye amesema sawa. Lakini sisi sote wawili hatutoki Makunduchi. Kule mtu atautambua kwa mstari wa kwanza, kama ambavyo uwanja mzima uliutambua.

Mwezi uliopita nilimpigia mwenyeji wangu kumuuliza tena. Alinisalimia kwa kirefu, akataka kujua mama yangu anaendeleaje na lini nitamleta, maana mwaka ujao angependa wageni wawili. Nilipofika kwenye wimbo alinyamaza kidogo, halafu akasema jambo ambalo nilipaswa kulitegemea kwa mtu wa pale. Maneno yale, alisema, ni ya mwaka ule. Yalitolewa ili yaishe. Mwaka ukishaogwa tena, hakuna atakayekuwa na neno nayo, na kwa wakati huo kutakuwa na mengine.

"Tukishaoga andika utakavyo."

Chuo kinataka tasnifu ifungwe na kukabidhiwa mwishoni mwa Juni. Mwaka unaogwa Julai.